Ramani Iliyoishia Getini

Harufu ya sabuni ya kufulia ikichanganyika na ya matairi yaliyolowa hunirudisha nyumbani Tloma popote nilipo. Masika ya mwaka ule wa korona, Baba aliosha kila asubuhi gari ambalo halikuwa likienda popote. Lilikuwa gari la watalii, la kijani, lenye paa la kunyanyuka, mali ya kampuni moja ya Arusha. Wageni walipoacha kuja, bosi alifunga uwanja wake na kuwaambia madereva kila mmoja akae na gari lake nyumbani mpaka hali itulie. Basi Baba aliliogesha gari lile kama mtoto anayepelekwa kliniki. Alisugua matairi kwa brashi, akapangusa viti, akaitoa darubini kwenye mfuko wake, akafuta vioo vyake, akairudisha. Akimaliza alimwaga maji machafu kwenye mfereji wa shamba, akakaa kibarazani, na kazi yake ya siku ikawa imekwisha kabla uji haujapoa.

Tloma iko juu ya mji wa Karatu, pale mashamba yanapokutana na msitu wa Ngorongoro. Wakati wa mvua ukungu hutoka msituni na kulala juu ya mahindi mpaka mchana, kiasi kwamba ukisimama mlangoni huoni choo kilipo. Shule zilikuwa zimefungwa. Mama, aliyeuogopa ugonjwa ule kuliko kitu chochote, alinikataza kuvuka ua wa minyaa bila yeye. Jioni hata huo ua ulikuwa mbali, kwa sababu tembo walitoka msituni kufuata mahindi yetu, na tuliwahi kusikia matawi yakivunjika nyuma kabisa ya jiko. Mchana nilizuiwa na ugonjwa, jioni nikazuiwa na tembo, na kati ya hapo kulikuwa na tope jekundu linalovua watu ndala. Nilikuwa darasa la saba, sina kaka wala dada wa kugombana naye, na nilijiona kama kuku aliyefunikwa na tenga. Nilikuwa na hasira na kila kitu, pamoja na jogoo wa jirani ambaye hakuwa amenikosea lolote.

Jirani mwenyewe, Baba Glory, alikuwa dereva wa wageni kama Baba. Binti yake Glory nilikaa naye dawati moja shuleni. Asubuhi moja Baba Glory alimwambia mkewe kwamba anashuka mjini kutafuta betri, akapanda pikipiki, akaenda. Habari zake zilikuja baada ya wiki kadhaa, kutoka machimboni huko Geita, na hata hapo alimpigia simu ndugu yake, si mkewe. Nyumbani kwao hapakuwa na ugomvi. Nilimsikia Mama akimwambia shangazi kwenye simu, huku akipepeta maharage ya ngwara, "Yule alichoka kuangaliwa. Akigeuka huku mke anamwangalia, akigeuka huku watoto wanamwangalia." Tangu hapo nilianza kumchunga Baba kwa macho. Kisha nikayakumbuka maneno ya Mama, nikajitahidi nisimwangalie. Kumchunga mtu bila kumwangalia ni kazi ngumu, asikudanganye mtu. Nilichokitaka msimu ule kilikuwa kimoja tu: Baba asiondoke.

Kilichonisaidia kukaa ndani bila kupata wazimu ni laptopu ambayo mgeni mmoja Mholanzi alimwachia Baba. Ilikuwa na ufa kwenye kona ya kioo, na betri yake ilikuwa imekufa, hivyo ilifanya kazi ikiwa imechomekwa tu, na umeme ukikatika ilizima papo hapo kama mtu aliyezimia. Ndani yake kulikuwa na gemu moja la kuendesha magari, ambalo kaka Deo alituwekea. Deo alikuwa na kibanda karibu na stendi ya Karatu, cha kuwajazia watu filamu na muziki kwenye flashi. Lilikuwa gemu zuri, lakini barabara zake zote zilikuwa za Ulaya. Nyumba zilikuwa na theluji juu, malori yalikuwa masafi kama vyombo vya harusi, na njiani hapakuwa hata na mbuzi mmoja. Niliendesha humo siku nzima, na nikizima nilikuwa palepale, mezani, na ukungu dirishani.

Deo ndiye aliyeniambia juu ya modi. Modi ni faili ambalo mtu baki ametengeneza ili kuongeza kwenye gemu kitu ambacho waundaji hawakukiweka: gari jingine, honi nyingine, barabara nyingine. Aliniambia wako vijana wa Dar wanaotengeneza mabasi yetu, yenye rangi zilezile na maandishi yaleyale ya nyuma. Nilimtazama kama mtu aliyeniambia kwamba ua wa minyaa una mlango ambao sijawahi kuuona. Kuanzia siku hiyo nilikuwa na shughuli, na leo nikisikia wanafunzi wenzangu chuoni wakibishana ni njia ipi bora ya kupata modi, huwa nacheka kimoyomoyo, kwa sababu mimi nilizijaribu zote nikiwa sina pa kwenda.

Njia ya kwanza ilikuwa Deo mwenyewe. Siku za kwenda mashine ya kusaga, Mama alinipitisha kibandani nikiwa nimefungwa barakoa mpaka machoni, nikampa flashi, akanijazia. Uzuri wa Deo ni kwamba hakuhitaji bando, na alijua kuchagua. Ubaya wake ni kwamba alikupa alichonacho, si unachokitaka, na nusu ya alivyonavyo vilikuwa vya toleo jingine la gemu. Ukiviweka, gemu linaanza kufunguka, linafika katikati, linakufa bila neno. Tena flashi yake ilipita kwenye kompyuta za mji mzima. Safari moja ilirudi na kirusi kilichogeuza mafolda yote kuwa vijialama visivyofunguka, na picha za simba ambazo Baba alizipiga kwa miaka zikapotea machoni petu mpaka Deo alipozirudisha. Baba hakugomba. Hilo liliniogopesha zaidi ya kugombezwa, kwa sababu mtu anayejiandaa kuondoka hagombi tena juu ya vitu vya nyumbani.

Njia ya pili ilikuwa kutafuta mwenyewe mtandaoni kwa simu ya Mama. Nyumbani kwetu mtandao ulikamatika vizuri kwenye kona ya juu ya shamba tu, chini ya miti ya migrevilea, na huko nilisimama na mwavuli nikishusha mafaili. Mitandao ya modi iko mingi na mingi ni ya kitapeli. Unafungua ukurasa, unakuta vitufe vitano vya kijani, vyote vinasema pakua hapa, na kile cha kweli ni kidogo, cha kijivu, kimejificha chini kama mwizi. Vile vingine vinakupeleka kwenye kamari au vinakuambia simu yako inaumwa. Na ukikipata cha kweli, bando linaisha faili likiwa limebaki kidogo, unaanza upya kesho. Nilijifunza kusoma maoni ya watu kabla ya kushusha, na kutazama kwanza toleo la gemu lililoandikwa. Faili linalokuja na kiprogramu cha kujiweka lenyewe nililikimbia. Modi ya kweli inakuja ikiwa faili tupu, wewe ndiye unayeliweka kwenye folda yake kwa mkono.

Liko pia duka la ndani ya gemu lenyewe, ambalo unabonyeza mara moja na modi inakaa mahali pake. Hilo ndilo rahisi na salama kuliko yote. Kwetu lilikuwa limefungwa, kwa sababu gemu letu lilikuwa la kunakili. Kila nilipobonyeza, liliniambia niingie kwa akaunti, na mimi mahali pekee nilipokuwa nimeandikishwa ni kwenye kitabu cha ubatizo.

Njia iliyonifaa ilikuwa kundi la kwenye simu la wapenda mabasi. Deo aliniunga. Walikuwa vijana kutoka kila kona ya nchi, wakitumiana modi walizochonga wenyewe, na waliniita kaka kwa sababu hawakufikiri kwamba mtoto wa kike anaweza kuwa humo. Sikuwasahihisha. Mafaili yao yalifungwa kwa neno la siri, na neno hilo huwezi kupewa mpaka uombe kwa adabu na ueleze faili utaliweka vipi, maana walichoka na watu wanaoharibu kisha wanalalamika. Hapo ndipo nilipojifunza utaratibu: weka modi moja, fungua gemu, ijaribu, ndipo uweke nyingine. Ukiweka kumi kwa pamoja na gemu likafa, hutajua ni ipi iliyoua. Na mpangilio una maana, kwani kwenye orodha ya gemu ramani inakaa chini na magari juu. Niliwahi kugeuza, na gari likawa linaelea hewani huku barabara ikiwa nyeusi tii.

Baba aliingia kwenye mambo haya kwa sababu ya kona. Nilikuwa nimeweka basi la kwetu na nilikuwa nalipita lori kwenye mteremko, na sauti ikaja kutoka nyuma yangu. "Resti. Hapo ni kwenye kona. Unapitaje mtu kwenye kona?"

"Baba, ni gemu tu."

"Gemu ndiyo liue abiria?"

Akavuta kigoda, akakaa. Nilimpa vitufe. Sikumwangalia. Aliendesha basi lile taratibu kuliko pikipiki inayobeba mayai, akapisha kila mtu, akawasha taa za kuashiria hata pale ambapo hapakuwa na roho ya kuziona. Mama alipita na sufuria, akasema, "Haya, sasa wamekuwa watoto wawili." Lakini alilisema kwa kicheko, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu shule zifungwe.

Baada ya siku chache nikapata kwenye kundi gari la watalii, karibu sawa na lake, paa na kila kitu. Kisha nikapata ramani. Aliitengeneza kijana wa Mbagala ambaye kundini walimwita Fundi Kona, kwa sababu kona zake zilikuwa nzuri kuliko za mtu yeyote. Ilianzia Arusha, ikapita Makuyuni, ikapita Mto wa Mbu, ikapanda ukingo wa bonde mpaka Karatu, na ikaendelea kuelekea Ngorongoro. Niliiweka nikifuata utaratibu wote. Mji wetu ulipotokea kwenye kioo, pamoja na kituo cha mafuta na yale maduka ya vinyago, Baba alisogeza kigoda karibu na kioo, akasema, "Huyu mtoto amesahau tuta la pale mbele." Ndilo lilikuwa neno lake la sifa.

Tukawa na safari kila siku. Mimi nilikuwa mgeni. Baba aliniuliza kama nimebeba maji na koti, akanisalimia kwa Kiingereza chake cha kazini, akanieleza kwamba leo tukijaliwa tutaona faru. Hakuondoka kabla sijasema nimefunga mkanda, nami nilikuwa nimekaa kwenye kigoda. Ilipofika jioni aligeuza gari popote tulipokuwa, kwa kuwa hifadhini hairuhusiwi kuendesha usiku. Nilimwambia kwamba ndani ya gemu hakuna askari wa wanyamapori. "Sheria ni sheria," alisema, na alikuwa hatanii. Nilitamani kucheka na nilitamani kulia. Niliona kwamba ile kazi haikuwa imemtoka mwilini, ilikuwa imekosa mahali pa kutokea.

Shida ilikuwa getini. Ramani ya Fundi Kona ilifika mpaka geti la Loduare, pale unapoingia hifadhini, na barabara ilionekana ikiendelea kupanda kwenye msitu, nyekundu, ina miti pande zote. Lakini gari likifika kwenye kizuizi lilisimama. Hapakuwa na kitu mbele. Ulikuwa ukuta usioonekana, ambao watengenezaji wa ramani huuweka pale kazi yao inapoishia. Baba alirudi nyuma akajaribu tena. Akajaribu kwa pembeni. Akajaribu taratibu, kana kwamba ukuta ungelainika kwa adabu. Injini ilinguruma, matairi yakazunguka, na msitu ukabaki palepale.

"Kwa nini haipiti?"

"Fundi hajamaliza, Baba. Mbele hakuna kitu."

"Mbele hakuna kitu?" alisema. "Mbele ndiyo kuna kazi yangu yote."

Nilimwandikia Fundi Kona. Alijibu kwamba yeye hajawahi kufika, alichora kwa kutazama video, na video nyingi zinaanzia kwenye kreta yenyewe, lile shimo kubwa la Ngorongoro wanamokaa wanyama. Basi Baba akaanza kumwelekeza kupitia mimi. Alisimama nyuma ya kiti changu na kusema nami nikaandika: kwamba ukipita geti unapanda kona kwa kona na upande mmoja kuna korongo, kwamba ukifika juu kuna mahali wageni wote husimama kupiga picha na hapo ndipo unapoiona kreta kwa mara ya kwanza, kwamba barabara ya kushukia ni Seneto na huruhusiwi kuipandia. Fundi Kona alishukuru kila mara. Aliahidi kuongeza. Tulisubiri, na kila siku tulikwenda mpaka kwenye ukuta, tukagonga, tukarudi.

Wakati bado tunasubiri, kampuni ilikuja kuchukua gari. Vijana wawili walifika na ufunguo wa akiba, wakaongea na Baba kwa heshima, wakasema bosi anauza baadhi ya magari. Baba aliwaonyesha kwamba breki ya mkono inahitaji kuvutwa sana, akawafungulia ua, akawaelekeza namna ya kushuka bila kuteleza. Pale lilipokuwa limeegeshwa pakabaki sehemu kavu yenye umbo la gari, na mvua ilipokuja mchana ikapalowesha kama mahali pengine pote. Kesho yake Baba aliamka saa ileile, akachukua ndoo, akasimama nayo uwanjani. Mama alimwambia aje anywe uji. Nilikuwa dirishani na nilikuwa namwangalia, sikuweza kujizuia, na alijua kwamba namwangalia.

Siku zile hakugusa laptopu. Alitoka zaidi kuliko kawaida, akashika simu sana, akaongea akiwa amesimama huko juu chini ya migrevilea ambako maneno hayakutufikia. Nilihesabu kila safari yake ya mjini kuwa ndiyo ya mwisho. Akisema anakwenda kununua misumari, nilibaki nimeshika minyaa mpaka nione kofia yake ikirudi. Utomvu wa minyaa unawasha, na mikono yangu ilitoka vipele. Mama alidhani ni aleji ya sabuni.

Ndipo asubuhi moja akaja mezani, akavuta kigoda, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Resti, huko kwa wenzako hakuna lori la ng'ombe?"

Nilifurahi kupita kiasi. Amerudi, nilijiambia. Nilianza kutafuta lori la ng'ombe kama mtu anayetafuta dawa. Deo alikuwa na malori ya makontena tu. Mtandaoni nilikuta ya Brazili na ya India, yamepambwa kwa maua, na la India nililishusha kwa shida nikakuta ni la toleo la zamani. Kundini niliomba mara nyingi hadi mmoja akasema huyu kaka wa Karatu amepatwa na nini. Mwisho ni Fundi Kona aliyenitumia. Alikuwa nalo kwenye kompyuta yake, hajalimaliza vizuri, bodi ya mbao, kamba nyuma, ng'ombe wanaolia ukifunga breki ghafla. Alinitumia bila neno la siri. Niliondoa modi nyingine zote isipokuwa ramani ili zisigombane, nikaliweka, nikafungua gemu, na likafunguka. Nilimwita Baba kwa sauti iliyomfanya Mama adhani nimeona nyoka.

Alilisoma lori lile kwa siku nyingi. Halikuwa mchezo tena kama mwanzo, hakunisalimia kwa Kiingereza na sikuwa mgeni. Alijizoeza kurudi nyuma kwa kutumia vioo vya pembeni, akateremka ukingo wa bonde kuelekea Mto wa Mbu kwa gia ndogo, akapanda, akateremka tena. Leseni ya magari makubwa alikuwa nayo tangu ujana, lakini alikuwa hajawahi kuitumia. Nilikaa naye nikimwambia mzigo umeinama, taa imewaka. Nilichelewa sana kugundua jambo moja: haendi tena upande wa getini. Kila akitoka Karatu alishuka.

Alituambia mezani, sote wawili, tukila makande. Alikuwa na rafiki wa zamani, Lemayani, mfanyabiashara wa mifugo huko Soitsambu, upande wa Loliondo. Huyo alikuwa na lori na hakuwa na dereva wa kumwamini. Lilibeba ng'ombe kutoka kule, likapita barabara ya Natron, likashusha Mto wa Mbu na minada ya huku chini. Baba angekaa hukohuko, angerudi nyumbani pale mambo yatakaporuhusu. Mama alikuwa tayari anajua, nilimwona kwenye uso. Mimi niliuliza, "Utaondoka lini?" Baba alisema, "Nikishajua kurudisha lori nyuma vizuri. Wewe ndiye mwalimu, wewe ndiye utakayesema."

Nilikwenda juu kwenye migrevilea bila mwavuli. Nilimwandikia Fundi Kona: Naomba uweke ukuta pale Mto wa Mbu, kama ule wa getini. Aliniuliza kwa nini, barabara ile si nzima? Nikamwandikia kwamba Baba anaondoka na lori na ndiyo njia atakayopita. Nikamwambia pia kwamba mimi si kaka, ni msichana, niko darasa la saba. Alama ya kuandika ikawaka na kuzima, ikawaka na kuzima. Kisha jibu likaja. "Mdogo wangu, nikiweka ukuta pale, wote wenye ramani hii watakwama. Na baba yako pia atakuwa amekwama humo, na wewe unamwona." Nilisoma maneno yale mpaka kioo cha simu kikajaa matone. Nilimchukia kwa siku moja hivi. Nilijua anasema kweli, kwa sababu nilikuwa nimekaa kando ya Baba wakati wote ule alipokuwa akigonga geti.

Basi nilimfundisha. Ningeweza kumwambia bado, bado, mpaka Krismasi, na angenisikiliza. Lakini siku aliyorudisha lori kwenye jukwaa la kupakilia bila kugusa mbao, nilimwambia amefaulu. Aliondoka asubuhi ya ukungu, na begi lake na koti la Mama la mvua. Mama alimwombea akiwa ameshika mikono yake yote miwili. Mimi Baba alinishika kichwa kama anavyofanya akipima urefu wangu, akasema nisome, kisha akasema tena nisome, ni dhahiri alikuwa amesahau kwamba ameshalisema. Nilivuka ua na kumsindikiza mpaka barabarani, na Mama hakunikataza.

Sasa nasoma mambo ya kompyuta chuoni Arusha. Gemu nililonalo ni halali, na modi nazipata kwenye duka lake kwa kubonyeza mara moja, nikinywa chai. Sihitaji flashi ya mtu wala kona ya shamba. Wageni wamerudi tele, asubuhi magari yanapanga foleni pale Loduare. Fundi Kona aliimalizia ramani yake, kreta na Seneto na yote, na watu wanaishusha bila kujua ni maneno ya nani yaliyomo. Kila kitu kimekuwa rahisi, nami nashukuru, mimi si mtu wa kulilia shida. Ila modi ninazozipata kwa mbofyo mmoja nazisahau zote, na zile za msimu ule ninaweza kukutajia moja moja na mvua iliyokuwa ikinyesha siku niliyoiweka.

Baba hakurudi kwenye kazi ya wageni. Walimwita, akakataa, bado anaendesha ng'ombe wa Lemayani. Likizo iliyopita alikuwa nyumbani, na tulipokuwa tumebaki wawili nikamuuliza kile ambacho nilikuwa nimekaa nacho miaka yote: kama nisingempatia lile lori, angebaki?

Aliiweka bilauri chini. "Ningeondoka tu," alisema. "Ila nisingeaga. Nilikuwa nimeshapanga. Nilikuwa nasubiri siku ambayo hutakuwa dirishani."

Nyumba ya jirani, Glory alikuwa anatwanga, tulisikia mchi. Baba yake hajarudi mpaka leo. Nilimwongezea Baba chai, akainywa yote, na saa tisa akachukua begi lake kwenda Soitsambu. Alituaga wote, mmoja mmoja.